Nalipwa kwa saa: je, ovataimu inanihusu?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafanya kazi kiwanda cha plastiki hapa Dar es Salaam, nalipwa shilingi 1,800 kwa saa. Naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Saa moja ya chakula inakatwa, ila tunakula palepale kwenye mashine kwa sababu haizimwi. Jumapili mbili kwa mwezi tunaitwa kusafisha mashine kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kuna wiki napangiwa usiku, saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Saa zote ni 1,800 ileile. Nilipomuuliza mhasibu kuhusu ovataimu alinijibu kwamba ovataimu ni ya wenye mshahara wa mwezi. Sisi wa saa tunalipwa kila saa tuliyofanya, kwa hiyo hakuna kilichobaki. Ni kweli? Na kama si kweli, nahesabuje, naanzia wapi, na nikidai si ndiyo nitaonyeshwa mlango?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Nadhani mhasibu wako anajua nusu ya jambo: kweli umelipwa kila saa uliyofanya, lakini umelipwa kwa bei ya saa ya kawaida hata pale ambapo saa hiyo ilikuwa imeshapanda bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, haitofautishi anayelipwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa kipande. Inachouliza ni saa uliyofanya ni ya ngapi katika siku na katika wiki, na kama imeangukia usiku, siku yako ya mapumziko au sikukuu. Hata kibarua anayepokea chake jioni yumo.

Wasiohusika na sehemu hiyo ya saa za kazi ni wachache: wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu. Nasema hivi kwa sababu viwandani kuna mchezo wa kumpa mtu cheo cha "supavaiza wa zamu", kumwongezea elfu ishirini, kisha kumwambia ovataimu imekufa. Cheo peke yake hakitoshi. Kama supavaiza huyo naye anaripoti kwa meneja wa uzalishaji ambaye si wa ngazi ya juu, ovataimu yake iko palepale. (Wanajeshi, polisi, magereza na JKT wako nje ya sheria hii yote, lakini hilo halikuhusu.)

Sasa tuhesabu, na tutumie namba zako mwenyewe.

Kifungu cha 19 kinaweka vikomo vya saa za kawaida: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, na kila saa ya ziada inalipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kwako 1,800 mara 1.5 ni shilingi 2,700. Vikomo vya siku na vya wiki vinafanya kazi pamoja, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wapo wanaohesabu cha siku tu. Wanaona umefanya saa 10, wanakuandikia saa moja ya ziada kila siku, jumla saa 6 kwa wiki, basi. Lakini angalia: Jumatatu hadi Ijumaa, ukichukua saa 9 za kawaida kila siku, ifikapo Ijumaa jioni umeshamaliza saa zako 45. Jumamosi yote, tangu saa 1 asubuhi, ni ovataimu.

Tuchukulie kwanza kwamba ile saa ya chakula imekatwa kihalali. Unafanya saa 10 kwa siku, siku 6, jumla saa 60. Za kawaida ni 45, za ziada ni 15: yaani moja moja ya Jumatatu hadi Ijumaa, jumla 5, na 10 za Jumamosi.

Saa 45 × 1,800 = 81,000
Saa 15 × 2,700 = 40,500
Jumla ya wiki = 121,500

Wewe unapokea 60 × 1,800, yaani 108,000. Pengo ni 13,500 kila wiki, 54,000 kwa wiki nne.

Jumapili ziko kwenye fungu lake. Kifungu cha 24 kinakupa angalau saa 24 mfululizo za mapumziko ya wiki, kati ya siku yako ya mwisho ya kazi ya kawaida na siku ya kwanza ya wiki inayofuata. Mwajiri anaweza kukuita siku hiyo kama mmekubaliana, ila kila saa inalipwa mara mbili. Saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana ni saa 5. Mara 3,600 ni 18,000. Wewe unapewa 9,000. Kwa Jumapili mbili pengo ni 18,000. Ukijumlisha na zile 54,000, kwa wiki nne unadai 72,000, na bado hatujagusa chakula wala usiku.

Tahadhari moja kuhusu Jumapili, maana hapa wafanyakazi nao huteleza. Kinacholipwa mara mbili ni siku yako ya mapumziko, si jina la siku. Mlinzi ambaye rosta yake inampa ofu Jumatano, kwake Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine na Jumatano ndiyo yenye malipo mara mbili. Akienda kudai Jumapili zote za mwaka mzima atarudishwa nyuma, na madai yake mengine yataanza kutiliwa shaka.

Sikukuu nazo ni mara mbili kwa kila saa uliyofanya, kifungu cha 25. Ni zile zilizo kwenye sheria ya sikukuu za umma: Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Idd, Krismasi na nyinginezo. Siku ambayo kiwanda kimejitangazia chenyewe kuwa ni "siku ya familia" haimo, labda mkataba wenu useme.

Turudi kwenye chakula, kwa sababu kwa hali uliyoieleza hapa ndipo pesa nyingi ilipolala. Mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, hilo ni sahihi, isipokuwa pale anapokutaka ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi wakati wa mapumziko. Na kukutaka ufanye kazi muda huo kunaruhusiwa tu kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu na hakuna mwingine wa kuishika. Wewe umesema mashine haizimwi na mnakula palepale. Maana yake sahani iko mkononi na jicho liko kwenye moldi. Chupa ikinasa, unaweka kijiko chini na kuinuka. Hayo si mapumziko. Hiyo ni saa ya kazi, na kuikata ni kuichukua bure.

Ukiirudisha kwenye hesabu, siku yako ni saa 11, wiki ni saa 66, za ziada ni 21. Malipo ya wiki yanakuwa 81,000 kujumlisha 56,700, yaani 137,700. Pengo la wiki linapanda kutoka 13,500 hadi 29,700. Suluhisho rahisi kwa kiwanda ni kumweka mtu wa kupokezana, mmoja kwa mashine tatu au nne, ili kila mmoja atoke kweli kwa saa nzima. Viwanda vingi havifanyi hivyo kwa sababu saa ya bure ni nafuu kuliko mtu mmoja wa ziada.

Kuna dakika nyingine zinazopotea kimya kimya: zile za kukabidhiana zamu. Ukiambiwa ufike dakika 20 kabla ili upokee mashine, uhesabu moldi na usaini daftari, hizo ni dakika za kazi. Kwa siku 6 ni saa 2 kamili, na kwa kuwa wiki yako imeshajaa, ni za bei ya ovataimu: shilingi 5,400. Kufika mapema kwa hiari yako ili ukwepe foleni ya daladala ni jambo jingine, hilo huwezi kulidai.

Usiku una hesabu yake. Kwa kifungu cha 20, usiku unaanza saa 2 usiku na kuisha saa 12 asubuhi. Kila saa ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Na kama saa hiyo ni ya ziada, asilimia 5 inapigwa juu ya bei ya ovataimu, si juu ya bei ya kawaida. Kwako saa ya kawaida ya usiku ni 1,890, na saa ya ziada ya usiku ni 2,835.

Chukua zamu yako ya saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mapumziko ya kweli yakiwa saa 6 hadi saa 7 usiku. Unafanya saa 11. Saa mbili za mwanzo, kabla ya saa 2 usiku, ni za kawaida tupu: 3,600. Kuanzia saa 2 hadi saa 6 usiku ni saa 4, na kuanzia saa 7 hadi saa 10 alfajiri ni saa 3; hizo 7 ni za kawaida za usiku: 7 × 1,890 = 13,230. Hapo saa 9 za siku zimetimia. Mbili za mwisho, saa 10 hadi saa 12 asubuhi, ni ovataimu ya usiku: 5,670. Jumla 22,500, wakati kwa bei moja ungelipwa 19,800. Hiyo ni kwa usiku wa kwanza hadi wa tano. Usiku wa sita, saa 45 zikiwa zimeisha, zote 11 ni za ziada: mbili kwa 2,700 na tisa kwa 2,835, jumla 30,915.

Angalia karatasi yenu ya mahudhurio isiwakate saa 6 usiku. Kuna mifumo inayoandika zamu moja kama siku mbili, saa 6 za Jumatatu na saa 5 za Jumanne, kisha kompyuta inaona hakuna siku iliyovuka saa 9 na ovataimu ya siku inapotea yenyewe. Sheria inasema siku ni saa 24 tangu muda ambao mfanyakazi kwa kawaida anaanza kazi. Kwa mtu wa zamu ya usiku, siku inaanza saa 12 jioni na saa 6 usiku haina maana yoyote katika hesabu. Vivyo hivyo wiki: ni siku 7 kuanzia siku unayoanza wiki yako ya kazi. Mwajiri hawezi kuchukua wiki ya saa 52 na wiki ya saa 38 akazigawa kwa mbili na kusema wastani ni 45.

Au niseme, hawezi kujiamulia. Ipo njia ya wastani, kifungu cha 22, lakini inahitaji makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, kipindi kisizidi mwaka mmoja, na wastani wa saa za kawaida ushuke hadi 40 kwa wiki, na ovataimu isizidi wastani wa saa 10 kwa wiki. Kama chama hakipo kiwandani kwenu, au kipo na hakijasaini kitu kama hicho, njia hiyo haipo.

Hoja nyingine utakayoletewa ni ya wiki iliyobanwa, kifungu cha 21. Hii inaruhusu siku ya hadi saa 12, pamoja na muda wa chakula ndani yake, bila ovataimu ya siku. Waajiri wa zamu za saa 12 wanaipenda sana. Ila masharti yake huwa hawayasomi hadi mwisho: lazima makubaliano yawe ya maandishi, siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida zibaki 45, na za ziada zisizidi 10 kwa wiki. Wewe unafanya siku 6. Haikuhusu, hata kama imeandikwa kwenye mkataba.

Kabla hujaenda mbali, hakikisha ile 1,800 ni nini. Ovataimu, nyongeza ya usiku na malipo ya mara mbili vyote vinapigwa juu ya mshahara wa msingi, na mshahara wa msingi hauhusishi posho. Kama mkataba unasema 1,800 kwa saa bila kuigawa, yote ni msingi. Kama unasema 1,300 ni msingi na 500 ni posho ya usafiri, basi ovataimu yako ni 1,950 na si 2,700. Ukidai 2,700 utashindwa. Mgawanyo huo ni halali mradi msingi usishuke chini ya kima cha chini cha sekta yako kwenye Amri ya Mishahara, ambayo huorodhesha viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi. Angalia amri inayotumika sasa, si ya zamani iliyobandikwa ukutani. Na kama mgawanyo umeanza kuonekana kwenye slipu baada ya wewe kuuliza, huku mkataba wa awali hauna, hilo ni badiliko la masharti lisilo na ridhaa yako. Tunza slipu za kabla na za baada ya badiliko hilo.

Wenzako wa mshahara wa mwezi, ambao mhasibu anasema ndio wenye ovataimu, nao mara nyingi wanapunjwa, kwenye kugawa. Jedwali la kwanza la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawiwe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa wiki ya saa 45 kigawanyo ni 195. Mshahara wa 390,000 unatoa saa ya 2,000 na ovataimu ya 3,000. Lakini ofisi nyingi zinagawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8, kana kwamba mtu hana siku ya kupumzika. Saa inakuwa 1,625, ovataimu 2,437. Shilingi 563 zinaanguka kwa kila saa ya ziada bila mtu yeyote kupiga kelele, kwa sababu kwenye slipu inaandikwa "OT × 1.5" na inaonekana safi. Wewe wa saa una afadhali hapo: bei yako iko wazi. Anayelipwa kwa kipande hutafutiwa wastani wa mapato ya wiki 13 zilizopita, kisha ndipo bei ya saa inapatikana.

Kuna upande wa pili ambao sheria inauwekea ukuta, na si wa pesa. Huruhusiwi kufanyishwa zaidi ya saa 12 kwa siku, ovataimu ikiwemo, wala zaidi ya saa 50 za ziada katika kipindi cha wiki nne. Zako ni 15 kwa wiki, yaani 60 kwa wiki nne. Ukiingiza chakula ni 84. Kiwanda kimevuka kikomo kwa hesabu yoyote utakayoichagua. Watu huuliza kama kuvuka kikomo kunafuta malipo. Kosa la kuvusha ni la mwajiri, na kazi imeshafanyika. Atakayesema "saa za juu ya 50 hazilipwi kwa sababu ni kinyume cha sheria" anataka afaidike na kosa lake mwenyewe. Ovataimu pia inahitaji makubaliano. Ukiwa hujakubali popote, unaweza kukataa. Lakini soma mkataba wako, mara nyingi kuna mstari unaosema umekubali saa za ziada "inapohitajika". Mstari huo unakubana kufanya, haumpi mwajiri ruhusa ya kutolipa wala ya kupita vikomo. Dharura ya kweli, kama moto au mtambo kupasuka, ina msamaha wake. Oda kubwa ya mteja si dharura.

Kodi nitaigusa kidogo. Ovataimu inaingia kwenye PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kama mapato mengine ya ajira. Kuna imani kwamba ukilipwa ovataimu "yote inaliwa na TRA". Chukua mapato ya 450,000 yaliyopanda kuwa 522,000: hata kabla ya kutoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi inaongezeka kwa 6,000 tu kati ya zile 72,000, kwa sababu hapo wengi wenu mko kwenye ngazi ya asilimia 8. Usikubali kuambiwa uchukue ovataimu mkononi nje ya slipu ili "ukwepe kodi". Siku ya kudai hutakuwa na karatasi.

Sasa kuanza. Usianze na barua ya madai. Anza na daftari. Leo hii fungua kurasa zenye tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko ulitoka saa ngapi hadi saa ngapi au hukutoka, namba ya mashine, na jina la aliyekupanga. Andika siku hiyohiyo. Daftari lililoandikwa kwa kalamu moja usiku mmoja kwa miezi sita hujulikana. Piga picha rosta inapobandikwa, hifadhi meseji za grupu la WhatsApp za "kesho Jumapili wote saa 2", na picha ya skrini ya mashine ya kidole kama inaonyesha muda. Slipu ni haki yako: kila malipo yanapaswa kuambatana na maelezo ya maandishi. Mwajiri anapaswa kutunza kumbukumbu za wafanyakazi kwa miaka 5, na mkataba au maelezo ya ajira yasipoletwa mbele ya chombo cha haki, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Lakini usiutegemee mzigo huo peke yake. Madai ya ovataimu hukwama sana kwa sababu mdai anaandika "ovataimu ya miaka mitatu, shilingi milioni nne" bila kuonyesha tarehe hata moja. Wiki nne zenye tarehe na saa zina uzito kuliko miaka mitatu ya kukadiria.

Ukishakuwa na wiki hizo nne, fanya hesabu kwenye karatasi moja kwa mtindo niliouonyesha hapo juu na uipeleke kwa maandishi kwa HR, ubaki na nakala yenye mhuri au saini ya kupokelewa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO au kingine, pitia kwao, na mwende wengi. Kosa la hesabu huwa ni la kiwanda kizima na ni vigumu kumshughulikia mtu mmoja. Viwanda vingine hurekebisha hapohapo, kwa sababu mhasibu alikuwa anarithi fomula ya aliyemtangulia.

Wakikataa au wakinyamaza, una milango miwili. Afisa Kazi ana mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji. Ni njia nzuri kwa mambo ya watu wengi na yanayoendelea, kama saa ya chakula. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndiyo ya kudai fedha yako. Unajaza fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala kwanza na kupata uthibitisho kwamba kaipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Huduma ni bure. Usuluhishi una siku 30, na usipofanikiwa shauri linaenda kwenye uamuzi.

Muda ndio unaowaangusha wengi. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unafikishwa CMA ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa ni siku 30. Ukisubiri mwaka, itabidi uombe kuongezewa muda na utoe sababu nzito, na "nilikuwa naogopa" huwa haitoshi. Kwa hiyo ukipata jibu la kukataa kwa maandishi, andika tarehe yake na uanze kuhesabu. Mazungumzo ya "tutaliangalia mwezi ujao" hayasimamishi siku hizo.

Kuhusu hofu yako ya kuonyeshwa mlango: kudai haki iliyomo kwenye sheria hii si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Hilo halimzuii mwajiri mkaidi kujaribu, ila linamfanya awe na kesi ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Wakati huu usiwape sababu nyingine: usichelewe, usigome peke yako, usiache mashine, usijibizane na supavaiza mbele ya watu. Ukipewa karatasi ya onyo ya ghafla, saini kwamba umeipokea na uandike juu yake kwamba hukubaliani na yaliyomo.

Wasomaji wa nje ya Bara wasinakili namba hizi. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake, Na. 11 ya mwaka 2005. Kenya, kwa walio chini ya amri ya jumla ya mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku 6, ovataimu ni mara moja na nusu siku za kazi na mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu, na bei ya saa ya anayelipwa kwa mwezi haishuki chini ya mshahara wa msingi uliogawiwa kwa 225.

Kwenye F.1, sehemu ya kiasi unachodai, usiandike jumla tupu. Tenganisha: ovataimu za siku za kazi, saa za chakula, siku za mapumziko, nyongeza ya usiku, kila moja na idadi ya saa zake, bei yake na tarehe zake, na uambatishe karatasi ya hesabu. Msuluhishi akiona mistari minne iliyo wazi, swali la kwanza litakwenda kwa mwajiri: mstari upi hukubali, na kumbukumbu zako ziko wapi?